Ngoma Iliyoitikia

Majirani walizoea kusema kwamba bendi ile ikianza mazoezi, hata kuku hupoteza hamu ya kutaga. Haikuwa chumvi nyingi. Ilipiga roki ya kelele, magitaa yakikwaruza na spika zikikoroma, na juu ya yote alikuwapo Nyundo, mpiga dramu, mwanamke ambaye mikono yake haikujua neno polepole. Mdogo wake ndiye aliyeimba, kama kupasua mapafu mbele ya maikrofoni nako ni kuimba. Albamu tatu zilitoka hivyo, na hakuna aliyewahi kuambulia neno hata moja la nyimbo zake, wala dada yake mwenyewe.

Kisha mdogo huyo akaja na wazo la albamu ya nne. Safari hii alitaka gitaa moja na sauti yake, basi. Nyundo hakuuliza dramu zitakaa wapi. Jibu alilijua. Hata hivyo siku ya kurekodi alikwenda studio, akakaa nyuma ya dramu zake, vijiti mapajani, mithili ya mgeni aliyekuja kuaga asijue aanzie wapi.

Mdogo wake alipoanza kuimba kwa sauti ya chini, fundi wa sauti alikunja uso, akasema kuna kitu kinatetema. Wakazima feni, wakatoa viti, wakaishuku hata bilauri ya maji. Alipoanza upya, Nyundo akainama na kukikuta. Ile ngoma ndogo mbele yake, yenye nyuzi za chuma zilizobana ngozi ya chini, ilikuwa ikitetemeka yenyewe kila sauti ya mdogo wake iliposhuka. Hakuna aliyeigusa. Miaka yote hiyo ngoma ilikuwa ikimwitikia mdogo wake, na yeye akiifunika kwa mapigo.

Fundi akamwambia alegeze nyuzi, ngoma inyamaze. Ndivyo ifanywavyo kila mahali. Nyundo akaweka kidole kwenye kishikizo cha pembeni, lakini hakukisogeza, maana sasa alikuwa akisikia maneno. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, aliouponda mpaka vijiti vikavunjika.

*Dada alinibeba mgongoni, mvua ikamlowesha peke yake.*

Aliikumbuka mvua ile. Mama alikuwa amelazwa, njia ni tope tupu, na koti lilikuwa moja, akamfunika nalo mtoto. Hakujua kama mtoto naye anakumbuka.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Mdogo wake aliangalia gitaa lake. "Ni wewe tangu mwanzo, dada. Nilikuwa naona haya kuyasema, ndiyo maana nikayapigia kelele."

Fundi akakohoa, akakumbusha habari ya nyuzi.

"Niachie mimi," Nyundo alisema. "Hizo ni zangu."

Akaweka vijiti sakafuni, akaisogeza ngoma hadi karibu na magoti ya mdogo wake. Wimbo ukaanza tena. Alizilegeza nyuzi ngoma ikae kimya, na ulipofika penye mvua akazibana taratibu, nayo ikaitikia kwa sauti ya manyunyu juu ya bati. Fundi alisahau kuzima mashine.

Katika albamu ile nzima hamna pigo hata moja. Kwenye jalada mdogo wake aliandika kwamba dramu zimepigwa na dada yake, na mpaka leo, aliyeusikiliza wimbo huo habishi.