Hatua Kumi na Moja kutoka Kisimani

Jumatatu asubuhi, fundi cherehani akiwa anapinda upindo wa sketi ya shule, binti yake wa miaka minne alikunywa kikombe cha maji ya kisima, akajifuta mdomo, akauliza miwani yake iko wapi. Hakuwahi kuwa na miwani. Fundi, mama yake, alipomwuliza ni miwani gani, mtoto alifikiri kidogo, akasema ah, ameiacha juu ya redio, chini ya gazeti. Redio kubwa ya kuweza kubeba gazeti ilikuwa moja tu hapo jirani, ya Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu waliyepakana naye ukuta. Fundi alimwita kutoka upande wa pili, akamwambia aangalie juu ya redio. Miwani ilikuwepo. Mwalimu alishukuru, na fundi akarudi kwenye sketi yake.

Wiki ile mambo hayakuishia hapo. Mama mkwe wa fundi, mwenye nyumba na mwenye kisima, alianza kukohoa kile kikohozi cha Mwalimu, mara mbili, kama mtu anayetaka kutoa tangazo. Fundi mwenyewe, ambaye hajawahi kufundisha hata mbuzi, alijikuta anajua kwa mpangilio majina ya wanafunzi arobaini na mmoja wa darasa la saba la mwaka ambao yeye alikuwa bado hajazaliwa. Mteja mmoja alichukua gauni lake akakuta limeandikwa kwa chaki, ndani ya kwapa, "Jitahidi zaidi." Hakulalamika. Mkono mmoja kweli ulikuwa umepinda.

Hayo yote fundi angeyameza. Kilichomnyima usingizi ni tumbo la mtoto. Tangu mvua zianze alikuwa ameharisha mara tatu, na kila alipompima kwa tepu, kiuno kilikuwa kimepungua. Alikuwa ameshazibana nguo zake zote, kisha akazibana tena. Mwanamke ambaye kazi yake ni kupima watu hawezi kujidanganya juu ya inchi moja na nusu. Aliogopa, na alijua anaogopa nini.

Bwana afya alikuja na baiskeli. Alisikiliza habari za miwani, kikohozi na majina arobaini na moja bila kuinua kichwa kwenye daftari, kisha akauliza choo cha jirani kiko wapi. Akazihesabu hatua kutoka kisimani hadi ukutani, akazunguka, akamalizia upande wa pili mpaka chooni. Zilikuwa kumi na moja, tena kwa mteremko, na zilitakiwa thelathini. Alisema dalili zenyewe ni za kawaida tu. Choo cha mtu wa hivi hivi huleta tumbo, na cha mtu aliyesoma huleta tumbo na mengineyo. Akaacha chupa iliyofungwa, pamoja na masharti: wasiisuuze, wasiiguse mdomo, wateke asubuhi, waifikishe maabara kabla ya adhuhuri.

Fundi alikuwa na sare sitini za kumaliza, kwa hiyo kazi ya chupa alibaki nayo mama mkwe. Sasa mama mkwe huyu, tangu aolewe katika nyumba ile, hajawahi kumpa mgeni maji kama yalivyotoka kisimani. Wenyeji walikunywa hivyo hivyo, lakini maji ya mgeni yalichemshwa. Na hawa wa maabara walikuwa wageni wa serikali. Akachemsha sufuria nzima, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili, akaiosha chupa kwa sabuni, akaijaza mpaka shingoni. Majibu yalirudi na mhuri: maji haya ni safi na yanafaa kwa kunywa. Mama mkwe aliyatia kwenye fremu, na nakala akampelekea Mwalimu kwa ujirani mwema.

Fundi alipojua kilichofanyika aliwasha jiko. Tangu siku hiyo alichemsha maji ya kunywa ya nyumba nzima, akatia dawa kwenye mtungi, akakificha kikombe cha kisimani. Lakini mtoto na ndoo hawatenganishwi kirahisi. Alhamisi moja, akiwa anaogeshwa, alipiga mafunda matatu ya maji ya ndooni, akakohoa mara mbili, akasema kwa sauti nzito ya mtu mzima:

"Fundi wa mashimo ya choo aliniambia mwaka juzi. Ukuta wa chini umepasuka, unavujia kwa jirani. Nikamwambia afunike, asimwambie mtu. Mimi tangu siku hiyo nakunywa ya dukani."

Fundi alimfuta povu masikioni, akamvika nguo, akaenda kwa Mwalimu na tepu yake shingoni. Alikuwa na hasira hata shikamoo ikatoka nusu. Mwalimu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto kasema hivyo?"

"Kwa sauti yako, Mwalimu."

"Basi ndivyo ilivyokuwa." Alinyoosha mikunjo ya kitambaa cha meza. "Lakini karatasi yenu inasema maji ni safi, mwanangu. Na nikichimba shimo jingine leo, mtaa mzima utajua nilikuwa nawanywesha nini. Nimefundisha hapa miaka thelathini na sita."

"Mtoto wangu anakonda."

"Chemsheni," alisema Mwalimu kwa upole wa kweli. "Kuchemsha ni jambo zuri sana."

Bwana afya naye alisema angefurahi kupima tena, ila daftarini imeshaandikwa safi. Lazima mwenye kisima aje mwenyewe aeleze kwa nini kipimo cha kwanza hakifai. Mwenye kisima alikuwa anachambua mchele.

"Nikaseme niliwachemshia?" aliuliza. "Nimewapa heshima yao, halafu niende kuomba radhi?"

"Mama, ni kwa ajili ya mjukuu wako."

Machozi yalimlenga, kwa maana alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Lakini aibu ilimzidi. Aliinamia ungo, akaendelea kutoa mawe.

Basi fundi aliendelea kuchemsha. Kiuno cha mtoto kilirudisha inchi moja, ile nusu haikurudi. Nyumba ya tatu kuteremka, muuza mkaa alianza kukohoa mara mbili kabla ya kutaja bei.

Yaliyokwisha kuingia kwa mtoto, dawa haikuyatoa. Kila alasiri Mwalimu alipokuwa anarudi kutoka matembezini, na watu wazima aliowafundisha wakimwinukia barazani mmoja mmoja, mtoto alitoka mlangoni, akasimama wima, mikono nyuma, akasema kwa sauti ile ile nzito:

"Nilijua, nikanyamaza. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyegeuka, walikuwa wameshazoea. Mwalimu alisimama akamsikiliza mpaka neno la mwisho, kama alivyowasikiliza wengi waliohifadhi somo lao vizuri, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vema," alisema. "Keti."

Mtoto akaketi. Mwalimu akaingia uani kwake, na baada ya kitambo fundi, akiwa anatunga uzi, akasikia mlango wa choo ukifungwa.