Kifuniko cha Harusi

Jamani, Gosbert aliupenda ule mlio wa mashine ya kukoboa kahawa. Watu wa Igurwa walipita wakiziba masikio, yeye anaingia asubuhi anatabasamu kama mtu aliyeitwa kula. Miaka ishirini na mbili alifanya kazi pale kwa Mzee Abdallah, mpaka msimu uliopita mkanda ulipoudaka mkono wake wa kulia ukaondoka na vidole vitatu. Vilivyobaki ni gumba na cha shahada.

Leo afisa wa fidia, dada mmoja aitwaye Deodatha, alikuwa amekuja mashineni kuandika maelezo, na shida yote ilikuwa kifuniko. Mkanda ulitakiwa ufunikwe kwa chuma, nao ulikuwa wazi. Ukasha, mtoto wa Mzee, ndiye anayeendesha mashine siku hizi, na alishaandika kwamba Gosbert alikifungua kifuniko kwa siri mwezi wa tano, akaenda kuezekea banda la kuku. Na kweli bwana, kifuniko kilikuwa juu ya banda la kuku la Gosbert, chekundu, na matundu yake manne ya bolti. Deodatha alikuwa ametoka kukipiga picha.

"Baba, ikionekana ulikitoa mwenyewe, dai lako litakuwa gumu," alimwambia Gosbert. "Kilifikaje kwako?"

Jibu lilikuwa kwenye mfuko wa koti la Gosbert, picha ya harusi yake. Lakini Mzee Abdallah alikuwa amekaa palepale mlangoni, macho yamefifia, anatafuna punje zake za kahawa taratibu. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyesimama kama baba siku ya harusi wakati baba mzazi yuko kaburini. Atamwambiaje mbele ya mwanawe kwamba kosa ni lake?

Maana ilikuwa hivi. Mwaka 2003, wiki ya harusi, shimo la kuivishia ndizi lilikosa cha kulifunika. Mzee Abdallah akachukua spana, akaanza kufungua kifuniko cha mkanda.

"Ndizi za nini hizo?" akauliza.

"Za juisi, Mzee."

"Juisi ya Wakatoliki hiyo naijua mimi! Inalevya mpaka kilemba kinadondoka. Chukua kabla sijabadili nia. Jumatatu nitakirudisha mwenyewe."

Siku yenyewe, mpiga picha ndiyo kwanza amewapanga watu, mvua ikashuka. Mzee Abdallah na kanzu yake nyeupe akatimua mbio mpaka shimoni, akakinyanyua kifuniko na udongo wake, akawainulia maharusi kama mwavuli. Tope lilimtiririka mpaka kwenye ndevu. Walicheka wote, padri akashika mbavu, na picha ikapigwa hivyohivyo. Ah, siku ile! Jumatatu ilipofika magunia yalijaa mpaka barabarani, mashine inakoboa vizuri tu bila kifuniko, hata kuupaka mkanda nta usiteleze kumekuwa rahisi. Basi, kikasahaulika kwa Gosbert, mwishowe kikaezekea banda la kuku.

"Nakusikiliza, baba," alisema Deodatha.

"Sina la kusema."

Ukasha akashusha pumzi. Ila Mackrine, mke wa Gosbert, alishindwa kuvumilia.

"Huna la kusema? Na mimi ninayekufunga vifungo vya shati kila asubuhi, nami sina la kusema?" Akatumbukiza mkono kwenye koti la mumewe, akatoa picha, akapiga magoti mbele ya Mzee. "Shikamoo baba. Hebu mwangalie huyu, unamjua?"

"Marahaba, mwanangu." Mzee aliisogeza picha mpaka karibu na pua. Kisha akapasuka kicheko. "Lo! Kanzu yangu ya Idi! Mke wangu Nusra alininunia wiki nzima!"

"Baba, pumzika," Ukasha akadakia.

"Hebu niache! Wewe ulikuwa darasa la pili, unajua nini? Nilikifungua kwa spana namba kumi na saba, kwa mkono wangu huu."

Deodatha aliigeuza picha, akaiona tarehe ya studio nyuma, akaanza kuandika haraka. Gosbert hata hakumtazama. Alikuwa amerudi chini ya chuma kile, mvua inagonga, vidole vyake vitano vimeshika vya Mackrine. Machozi yalimtoka na kicheko kikimtoka, akatamani Mzee asimalize kusimulia.

"Gosbert, uko wapi? Njoo, nipe mkono."

Gosbert akaenda. Alisahau kutoa wa kushoto.

Mzee akaupokea kwa mikono yake miwili, akaupapasa. Akapapasa tena, anatafuta. Nyumbani walikuwa wamemwambia tu kwamba Gosbert anaumwa. Kicheko kikamkatika.

"Ni mkanda?"

"Ni mkanda, Mzee."

"Nilisema nitakirudisha lini vile?"

Gosbert akainamisha kichwa. "Yamepita hayo, Mzee."

"Nimekuuliza lini."

"Jumatatu."

Mzee hakuuachia ule mkono. Aligeuza uso kule ilikokuwa inasikika kalamu.

"Andika, binti yangu," akasema. "Andika kwamba nilisema Jumatatu."