Msumeno wa Kuni za Shuwa

Hamed alitoa ahadi kabla hajamiliki hata shoka.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa mtaa wao ulio nje kidogo ya Nizwa. Kahawa inazunguka, tende zinaliwa, na mazungumzo ni ya Idi Kubwa inayokuja. Mzee Yaqoob, msimamizi wa moto wa mtaa tangu Hamed hajazaliwa, akasema mgongo umemshinda na mwanawe kahamia Maskati. Kwa hiyo ataagiza gari la kuni kwa wauzaji wa barabarani kule Bidbid, kama alivyofanya Idi Kubwa iliyopita.

"Usiagize, ammi," Hamed akasema. "Kuni za Idi hii zitatoka kwetu. Nitazikata mwenyewe."

Yaqoob akateremsha kikombe. Wazee wake walitoka Unguja mjini, wa Hamed walitoka Bujumbura, na hakuacha mtu asahau hilo. "Kwenu nyie watu wa bara? Haya, vyema. Lakini miti ya huku si migomba, mwanangu."

Watu wakacheka. Hamed akacheka nao kwa meno tu, akaaga.

Kuni zile hazikuwa jambo dogo. Shuwa ya mtaa, ile nyama ya Idi, hupikwa katika shimo moja lililojengwa kwa mawe, kina chake kimempita mtu. Moto huwashwa ndani mpaka ubaki mkaa mtupu, kisha kila nyumba huteremsha nyama yake iliyopakwa viungo, ikafungwa majani na kutiwa kwenye mfuko wa ukili. Shimo hufunikwa, huzibwa kwa udongo, na halifunguliwi mpaka siku ya pili. Kila mfuko una alama yake ili usipotee. Mfuko wa Bibi Fakhriya, bibi yake Hamed, ulikuwa na utepe wa kitambaa chekundu uliofungwa kwa waya.

Idi Kubwa iliyopita utepe ule mwekundu ulitoka na nyama chungu, inanuka moshi. Mifuko mingine ilitoka salama. Mmoja akasema ni viungo vya Bujumbura, mwingine akasema watu wa bara hawajui kufunga majani, na maneno hayo yakapata makazi. Idi Ndogo ilipofika Bibi alipika nyama yake kwenye oveni ya gesi, akafunga mlango wa jiko ili harufu isitoke nje.

Ndiyo maana Hamed alisema alichosema. Kwa desturi ya mtaa, nyumba iliyoleta kuni ndiyo inayotangulia kuteremsha mfuko wake, tena pale inapopataka. Alitaka utepe mwekundu urudi shimoni, na urudi ukitangulia. Zikichelewa kuni, au zikiwa mbovu, basi nyama ya mtaa mzima itaharibika kwa jina lake, na mfuko wa bibi hautarudi tena.

Mti alikuwa nao. Nyuma ya shamba lao la mitende, kwenye ukingo wa wadi, lile korongo la maji ya mvua, msamri mkubwa, mgunga wa huku, uliokuwa umekufa wima kwa miaka ulikuwa umeangushwa na mafuriko ya mwezi wa nne. Ruhusa ya kuukata aliiomba akapewa, maana ulikuwa mkavu na umeziba njia ya maji. Kilichobaki ni msumeno.

Hamed alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha maji cha Tanuf, kijana asiyeweza kuona kifuniko akaacha kukifungua. Msumeno wa injini hajapata kuushika. Alipoingia dukani kwa Nadhir, pale Nizwa, macho yalimwendea mbio kama mtoto kwenye duka la vitu vya kuchezea.

"Ya akhi, iko tatu," Nadhir akasema. Alikuwa kijana mwenzake, mzaliwa wa huku huku, Kiswahili chake cha kuokoteza kwa mama. "Hii ndogo, ya betri, ya kupogoa. Hii ya kati, upanga wake inchi kumi na nane. Hii baba yao, ishirini na nne."

Upanga ni lile bapa la chuma ambalo mnyororo wenye meno hulizunguka. Hamed akaupapasa ule mrefu. "Mnyororo unapata wapi mafuta?"

"Yenyewe inajitemea. Hapa tangi ya petroli, hapa tangi ya mafuta ya mnyororo. Usikosee."

"Ikikosa mafuta?"

"Inaungua."

"Nini kinaungua kwanza, upanga au mnyororo?"

"Ndugu yangu, unanunua au unafanya mtihani?"

Hamed akaomba bisibisi, akafungua kifuniko cha pembeni, akalitazama gurudumu dogo la meno linalouvuta mnyororo. Aliuliza kwa nini meno yanapishana, moja kushoto moja kulia. Aliuliza kwa nini mkubwa ni mzito hivi, na Nadhir akamwambia mkubwa si upanga tu, ni injini yake vilevile, maana upanga mrefu kwa injini dhaifu ni kama kumvisha mtoto kanzu ya baba yake.

"Unakata nini?"

"Msamri. Mkavu."

"Mnene?"

Hamed akafungua mikono kama anayetaka kumkumbatia Nadhir na duka lake.

"Khalas. Chukua baba yao."

"Niwekee. Nitakuja na gari kesho kutwa."

Nyumbani, Bibi Fakhriya aliposikia habari ya msumeno alifurahi kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. Marehemu mumewe alikuwa akichukua mbao kutoka Kongo mpaka Bujumbura, na yeye mwenyewe alishinda kambini akiwapikia wapasuaji.

"Chenso ya kule ilikuwa ndefu kama mlango," alisema, mikono yake inaonyesha. "Wanaume wawili wanaishika. Mti ukianguka, baba, ardhi inakusukuma miguu. Usilete kijichenso cha kukatia maua hapa. Watacheka."

"Kishasema atanunua mkubwa, bibi," akasema Huwaida, dada yake Hamed, akiwa anachambua bizari kwenye sinia. "Mimi nina swali moja tu. Akishakata vipande vya gogo vinene kama pipa, nani atavitia shimoni? Mdomo wa shimo wenyewe haupitishi hata sinia hili."

"Vitapita," Hamed akasema.

"Umepima?"

Hakuwa amepima. Alikuwa amepima mti tu, kwa kamba, mara mbili, na akaona fahari kwamba alipoukumbatia mikono yake haikukutana. Swali la Huwaida lilimkaa kama mchanga kwenye kiatu. Asubuhi yake, kabla jua halijapata nguvu, alichukua kamba ile ile akaenda shimoni.

Shimo lilikuwa nyuma ya msikiti, limefunikwa kwa bati. Alilisukuma bati, akapima mdomo. Huwaida alikuwa amekosea kidogo. Sinia lingepita, lakini pipa lisingepita. Angeweza kurudi nyumbani na jibu hilo. Lakini shimo lilikuwa wazi mbele yake, na hajapata kuingia ndani, basi akateremka kwa ngazi ya chuma.

Ndani kulinukia Idi. Mawe yalikuwa meusi, yanang'aa kwa mafuta ya nyama ya miaka na miaka. Akayagonga kwa kidole, akasikiliza. Akafahamu kitu ambacho hajapata kukifikiria: nyama haipikwi na kuni, inapikwa na haya mawe na mkaa. Kuni kazi yake ni kuyapa mawe moto kisha kwisha, zisibaki. Kama ni hivyo, kuni nzuri ni ipi? Si ile kubwa. Ni ile inayokwisha pamoja na wenzake.

Alipanda juu akaenda kwenye rundo la majivu lililo kando. Akaanza kulichimbua kwa kijiti, hajui anatafuta nini. Majivu ya Idi Ndogo yalikuwa juu, laini, na vipande vya mkaa vinene kama kifundo cha mkono. Chini yake, kwenye tabaka la Idi Kubwa, kijiti kikagonga kitu. Akakivuta. Lilikuwa gogo fupi, nene kuliko paja, zito. Upande mmoja ulikuwa mkaa. Upande wa pili ulikuwa kuni, kuni kabisa, na maganda yake.

Akachuchumaa akilitazama muda mrefu. Gogo hili halikuisha. Lilizibwa shimoni linawaka nusu, na chini ya udongo, bila hewa, lingefanya nini zaidi ya kufuka moshi usiku kucha? Kwenye lile pande la mkaa kulikuwa na kitu kimeng'ang'ania. Akakikwangua kwa ukucha. Kilikuwa kipande cha waya kilichokatika, na kwenye waya nyuzi chache zilizobaki na wekundu wake.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alilipakata gogo lile kifuani, kanzu nyeupe na yote, akaenda nalo moja kwa moja sabla. Njiani aliyapanga maneno yake, makali, yenye vina, kila moja limenolewa kwa tupa. Lakini alipofika, Yaqoob alikuwa ameketi na wazee wawili, na gogo lilipotua mkekani maneno yote yakamtoka, likabaki swali.

"Shikamoo, ammi. Mbona hili upande mmoja bichi?"

Yaqoob akaitika, akaligeuza gogo kwa miguu kwanza, kisha kwa mikono. "Halikuisha."

"Kwa nini halikuisha?"

"Limezidi. Gari la Bidbid lilileta mchanganyiko, manene na membamba. Nilitaraji litaisha na mengine. Magharibi ilikuwa inaingia, watu wana mifuko mikononi..." Akauona ule waya. Akauzungusha kati ya vidole viwili.

"Lilikuwa upande gani?" Hamed akauliza.

"Wa kibla, penye mfuko wa bibi yako," Yaqoob akasema polepole. Kisha akauliza, si kwa kebehi tena, "Msumeno umenunua?"

"Bado. Nilitaka mkubwa, wa kuukata ule mti."

"Na sasa?"

"Sasa nataka wa kukata kuni. Nipe kipimo, ammi. Unene gani ndio mwisho?"

Yaqoob akanyoosha mkono, akashika msuli juu ya kiwiko cha Hamed, akaubinya kama anayechagua mbuzi. "Huu ni mzuri. Paja lako ndio mwisho. Kupita hapo, pasua."

Siku ya pili Hamed alikuwa dukani. Nadhir alishamtolea msumeno mkubwa, kaufuta vumbi.

"Nipe wa kati."

"Umeogopa bei?"

"Nimeogopa shimo."

Nadhir hakuelewa, ila akauleta. Hamed akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaushikilia hivyo, akahesabu pumzi zake mpaka mkono ukaanza kuuma. Ulichelewa kuuma. Akafikiria njia ya mawe kutoka shambani mpaka ukingo wa wadi, na joto, na siku nyingi za kuinama.

"Na lile gogo nene nikilitaka siku nyingine?"

"Inaingia upande huu, inatoka, inaingia upande wa pili. Zinakutana katikati. Upanga mfupi, akili ndefu," Nadhir akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana amefurahishwa na maswali. "Lakini msamri inakula meno, ya akhi. Na mchanga wa mafuriko mbaya zaidi. Piga brashi gamba kwanza. Chukua tupa, mbili. Na viatu vya chuma, na miwani, usinicheze."

Bibi Fakhriya alipouona msumeno aliupima kwa macho, akasema, "Mdogo."

"Mti wa Kongo ulikuwa wa mbao, bibi. Huu ni wa kuni."

"Mdogo," akarudia, lakini akaomba aushike, na akaona raha kwamba ameweza.

Kila alfajiri baada ya sala Hamed alikuwa wadini. Alianza na matawi, akaliacha gogo mama lilale. Siku ya kwanza mnyororo ulipata ubutu kabla hajaloa jasho, vumbi la mbao likatoka laini kama unga badala ya vipande. Akakaa chini akachunguza jino moja moja, akakuta punje za mchanga kwenye nyufa za gamba. Siku ya pili alikuja na brashi ya waya. Alijifunza sauti: msumeno ukikata vizuri huimba wimbo mmoja, ukilemewa hushuka, na hapo si pa kusukuma, ni pa kupumzisha. Kila kipande alikilinganisha na mkono wake mwenyewe. Matawi peke yake yalitosha. Huwaida alikuja siku ya mwisho kuzipanga kuni kwenye gari, akaziangalia zilivyolingana.

"Kama umezizaa wewe," akasema.

Siku ya pili ya Idi moto uliwashwa baada ya adhuhuri. Mtaa mzima ulisimama mbali kwa ukali wake. Ulipanda pamoja na ukashuka pamoja, na jua lilipoanza kuinama hapakuwa na ulimi hata mmoja wa moto shimoni, ila wekundu mmoja uliotulia toka ukuta mpaka ukuta. Yaqoob, fimbo mkononi, alizunguka mdomo wa shimo akichungulia kila upande. Alikaa zaidi upande wa kibla.

"Mfuko wa Bi Fakhriya uko wapi?" akauliza kwa sauti ya kusikika na wote.

Hamed akauleta, utepe mpya mwekundu unaning'inia.

"Chagua pahala."

"Kibla," Hamed akasema. "Pale pale."

Yaqoob akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Mfuko ukateremka wa kwanza, mingine ikafuata, mfuniko ukatua na shimo likazibwa kwa udongo. Wakakizunguka kichuguu kile watu wazima kama watoto, wakitafuta penye ufa. Hapakutoka hata uzi wa moshi.

Kesho yake, shimo lilipofunguliwa, mfuko wa utepe mwekundu ulikuwa wa mwisho kutoka, kwa kuwa ulikuwa chini ya wote. Yaqoob mwenyewe aliuchukua mpaka uani kwa Bibi Fakhriya, mgongo wake ukiwa umeinama, hataki kusaidiwa. Akapiga hodi. Bibi akatandika mkeka, akakata waya, akafunua majani. Nyama ilijiachia mfupani bila kuguswa, na harufu ya karafuu na vitunguu saumu ikajaa ua wote.

Yaqoob alichukua kipande kimoja, akatafuna taratibu macho yamefumba. Hamed alimwangalia taya. Bibi alitazama pembeni, kama mtu asiye na haja ya kujua.

Mzee akavuta mkeka karibu, akakunja mkono wa kanzu, akachukua kipande cha pili.

"Mlango wa jiko, Huwaida," Bibi Fakhriya akasema. "Ufungue, mama. Na ule wa nje pia."