Madiwani Watano na Ushuru wa Punda

Askari wa langoni alitumbukiza mkono ndani ya debe la Kaaha mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini, akautoa mtupu. Debe halikuwa na kitu. Lakini tangu vita vianze, hakuna chombo kilichotoka nje ya ua wa miiba wa Bulla Dagah bila kupapaswa. Wakubwa waliamini kwamba wanawake wa maji ndio wanaowapelekea shifta, wale waasi wenye bunduki, sukari na risasi huko porini.

"Pita," askari akasema. "Urudi mapema. Leo kuna baraza, na asiyehudhuria atajieleza."

Kaaha akampiga punda wake kofi la mgongoni, wakateremka kuelekea Mto Tana.

Bulla Dagah hakikuwa kijiji cha mtu yeyote. Serikali ilikizungushia miiba mwaka uliotangulia, chini kidogo ya Garissa, ikawakusanya humo wafugaji waliokuwa wametawanyika kutoka Kotile mpaka kule Hulugho. Kaaha aliingia na ngamia wa marehemu mumewe na mwanawe wa pekee, Olow. Ngamia walizoea kutembea mwendo wa siku nyingi kutafuta malisho. Humu waliruhusiwa kwenda mwisho wa macho ya askari tu. Wakakonda, wakafa mmoja baada ya mwingine. Jike la mwisho lilipokata kamba na kutoroka wakati wa mvua, Olow alilifuata nje ya mpaka. Hakurudi. Wanajeshi walimkamata, wakamwita shifta, wakamfunga katika kambi ya kizuizini upande wa pili wa Garissa. Hapakuwa na kesi wala ruhusa ya kumwona. Kaaha alibaki na punda, na punda huyo ndiye aliyemlisha. Alichota maji mtoni na kuyauza kwa wenye vioski vya chai na kwa jiko la wanajeshi.

Mtoni aliwakuta wenzake, Naimo na Shurie, wamezama mpaka magotini katika maji mekundu, wakijaza madebe kwa vibuyu.

"Njoo, abaayo, dada yetu," Naimo akamwita. "Tunawapanga madiwani kabla hawajatupanga."

Ulikuwa mchezo wao, ingawa haukuwa mchezo hasa. Halmashauri ya kijiji ilikuwa na madiwani watano, wote wameteuliwa, hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura. Kila msimu waliitwa mbele ya watu wapendekeze ushuru wa kuongezwa, kwa sababu serikali ilisema kwamba ua, lango na mishahara ya walinzi ni gharama ya wakazi wenyewe. Watu walilipia miiba iliyowafunga. Na kila msimu wanawake wa maji waliwapanga madiwani kwa uzito wa mzigo ambao kila mmoja alitaka kuwatwisha.

"Juu kabisa, Gelle," Naimo akasema. "Huyo hana mpinzani. Alitoza mbuzi, akatoza mikeka. Akikosa kitu atatoza kikohozi. Chini yake mwenye duka. Halafu yule askari mstaafu. Halafu mzee kiziwi, ambaye huunga mkono chochote kwa sababu hasikii."

"Na wa mwisho?" Shurie akauliza, akijua jibu.

"Wa mwisho ni Hared, ndugu yake Kaaha. Msimu uliopita alipendekeza senti chache kwenye tumbaku, kisha akatuomba radhi!"

Wakacheka. Kaaha hakucheka sana, lakini moyo wake ulijaa. Hared alikuwa mdogo wake. Mama yao alipofariki, Kaaha ndiye aliyembeba mgongoni toka kisima hadi kisima. Alipokubali kuwa diwani watu walimwita kibaraka, na Kaaha alinyamaza. Sasa kila msimu Naimo alipomtaja wa mwisho, ilikuwa kama mtu amemwondolea jiwe kifuani.

Baraza lilifanyika uwanjani mbele ya lango, jua likiwa kali. Watu waliketi mchangani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Madiwani walikaa kwenye benchi. Mbele yao, chini ya turubai, aliketi ofisa wa mapato aliyeletwa kutoka bara, kijana mnadhifu mwenye shati jeupe na sauti ya upole. Nyuma yake mwanajeshi mmoja alikuwa na mashine ya simu ya upepo, akiongea nayo kwa kunong'ona.

Mwenye duka akapendekeza ushuru kidogo kwa majani ya chai. Askari mstaafu akapendekeza faini kwa anayechelewa kuingia saa ya kafyu. Mzee kiziwi akaunga mkono. Gelle akasimama, tumbo likatangulia, akapendekeza ada ya kila kibanda. Watu wakaguna. Yote hayo waliyatarajia.

Kisha Hared akasimama. Alikuwa mwembamba, na kofia yake alikuwa ameivua, anaizungusha mikononi. Hakutazama upande wa wanawake.

"Napendekeza," akasema, "kila punda anayepita langoni kwenda mtoni alipiwe senti hamsini. Kila siku."

Hata mwanajeshi wa simu akanyanyua kichwa. Siku nzuri, punda aliyekwenda mtoni toka asubuhi mpaka jioni aliingiza shilingi moja, na hiyo ndiyo iliyonunua unga, ambao ulikuwa umepanda bei mara mbili tangu barabara ya Garissa ianze kutegwa mabomu.

Naimo akamgeukia Kaaha polepole. "Leo ndugu yako ametangulia," akasema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. "Amempita Gelle."

Ofisa aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri sana, diwani. Hilo ndilo pendekezo kubwa la leo. Kuna mwenye neno?"

Kwa desturi hakuna aliyekuwa na neno. Lakini Kaaha alijikuta amesimama. Hakusema Kisomali, alisema Kiswahili, ili yule mgeni asikie mwenyewe.

"Bwana Mkubwa, mimi iko na neno. Bunda yangu ni moja. Ngamia imekufa, mume imekufa, mtoto nyinyi mmechukua. Sasa bunda ndio mume, bunda ndio mtoto. Mtu akichukua nusu ya bunda, mimi nabaki na nini? Kiatu?" Akamgeukia Hared, na sasa akarudi kwenye lugha yao. "Hared bin mama yangu! Nilikubeba mgongoni. Wewe ndiye wa kunipanda tena, ukubwani?"

Wanawake wakapiga mayowe ya uchungu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Aibu!" na neno hilo likazunguka uwanja mzima. Hared alisimama pale kofia mkononi. Akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza siku ile. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo na amezibwa. Kisha akamgeukia ofisa.

"Naliondoa pendekezo langu," akasema, akaketi.

Kaaha naye akaketi. Shurie akamshika mkono. "Umetuokoa," akamnong'oneza.

Haikuchukua muda. Gelle aliegemea mbele, akamtazama ofisa, akamtazama Hared, kisha akanyanyuka kwa haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Bwana Ofisa, mimi nalichukua lile. Na naongeza. Kila punda, senti sitini."

"Mzee?" Ofisa akamgeukia mzee kiziwi, na mzee akainua mkono.

"Limepita," ofisa akasema. Akamwita mwanajeshi wa simu, akamwambia jambo sikioni, na mwanajeshi akaanza kuongea na mashine yake.

Hared alimkuta Kaaha nyumbani alasiri, anamfungua punda. Alisimama mlangoni pa kibanda kama mgeni.

"Abaayo, naomba uniruhusu niingie."

"Ingia. Si kwako?"

Alichuchumaa ndani, akakataa chai.

"Ofisa alituita jana sisi watano," akasema. "Alisema mapato ya kijiji hiki ni aibu kwake. Alisema atatupanga, kama wanafunzi. Diwani atakayeleta ushuru mkubwa kuliko wenzake mbele ya watu, na ukapita, atapewa mtu mmoja kutoka kizuizini. Achague mwenyewe jina."

Kaaha aliacha kamba ya punda ikaanguka.

"Nilitaja Olow," Hared akasema. "Kila mmoja alimpa ofisa mapema jina la mtu wake na kiwango alichokusudia, ili gari la mwenye kikubwa liwe tayari. Gelle alimtaja mtoto wa nduguye, Jama. Tulikatazwa kuwaambia watu; alisema anayefungua mdomo atafuata jamaa yake huko huko. Nilifikiri, senti hamsini hakuna atakayethubutu kuipita. Na ushuru wa punda wako ningeulipa mimi. Ningeuza redio, ningeuza shati. Olow angekuwa hapa, angechota maji mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?" Kaaha akauliza. "Hata kwa jicho tu. Mimi si mtu baki. Mimi ni dada yako."

"Ningekuambia, abaayo, ungekubali? Naimo ana watoto wanne na punda mmoja. Ungekaa kimya pale, ukijua?"

Kaaha alifungua mdomo ajibu. Alimwona Olow, shingo yake ndefu, namna alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho. Akamwona Naimo. Akajifunika uso kwa mtandio.

"Na kwa nini uliliondoa?" akauliza kutoka ndani ya kitambaa. "Ungeniacha nipige kelele. Ningelia, basi."

"Ulimtaja mama," Hared akasema. "Sikuweza."

Wakakaa vile vile, bila mmoja kumgusa mwenzake, mpaka waliposikia lori.

Lilisimama nje ya lango, jeusi kwa vumbi. Watu walikuwa wameshajaa. Aliyeteremka alikuwa mmoja tu, kijana mwenye kichwa kilichonyolewa na suruali iliyoshikiliwa kwa kamba. Jamaa wa Gelle wakamkimbilia wakilia, mama yake akaanguka chini akimshika miguu. Gelle mwenyewe alisimama kando, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Kaaha alimwona, na hakuweza hata kumchukia.

Alisubiri mpaka wamwachie Jama nafasi. Kisha akamsogelea na kibuyu cha maji. Kijana alikunywa yote, akapangusa mdomo, akamtambua.

"Habaryar Kaaha, mama yangu mdogo," akasema, na furaha ikamtoka usoni.

"Yu hai?"

"Yu hai. Tulikuwa chumba kimoja."

"Alhamdulillahi. Anakula?"

"Tunakula kile kile sote." Jama akatazama nyuma, kama anayeogopa kwamba watambadilisha tena. "Asubuhi walimwita yeye, habaryar. Walimwambia afunge blanketi lake, lori linakuja kumrudisha nyumbani. Akafunga. Akatuaga mmoja mmoja. Alinipa hata sabuni yake. Akaketi mlangoni kusubiri. Halafu mchana simu ya upepo ikalia, wakaja wakasema, si wewe, ni Jama."

Kaaha akakipokea kibuyu. Alijua kwamba bado kuna neno.

"Hakulia," Jama akasema. "Aliuliza mara moja tu: labda jina langu mmelisoma vibaya? Wakamwambia arudi ndani."

Ofisa wa mapato alikuwa amefika kumpa Gelle mkono. Alipomwona Kaaha alimkumbuka, akatabasamu kwa upole wake ule ule.

"Mama, ulisema vizuri leo barazani. Tunahitaji wananchi wanaosema."

"Mtoto yangu alifunga blanketi," Kaaha akamwambia. "Nani alimwambia afungue?"

Ofisa alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Alishusha macho kwenye viatu vyake, vilivyokuwa vimeshika vumbi. Kwa kitambo kidogo alionekana kijana mdogo tu, aliye mbali na kwao.

"Msimu ujao kutakuwa na baraza jingine, mama," akasema, na alisema kama anayefariji. "Mwambie ndugu yako asiyumbe."

Akapanda gari lake.

Filimbi ya kafyu ikapigwa. Watu wakaanza kuingia ndani ya ua wakisukumana. Wanawake wa maji walipita pamoja. Hared alikuwa amesimama peke yake kando ya njia, na kila mwanamke aliyemfikia aligeuza uso upande mwingine. Shurie peke yake alisita, kisha naye akafuata wenzake. Naimo alitema mate mchangani.

Hawakujua kwamba Hared alikuwa akimkomboa Olow, na Kaaha aliona kwamba hatawaambia. Wakijua, wangeubeba mzigo huo na wao.

Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Hared. Mbele ya Naimo, mbele ya askari, mbele ya kila mtu, akamshika mkono, kama alivyomshika njiani zamani alipokuwa mtoto asiyeweza kwenda na mwendo wa ngamia.

"Twende ukanywe chai," akamwambia.

Hared akaanza kulia hapo hapo njiani, mtu mzima, diwani. Kaaha hakumwachia. Askari akawahimiza waharakishe, wakaingia, na nyuma yao lango la miiba likavutwa mpaka likafungika.