Zimerudi Nyumbani

Kila mtu ana chake anachokionea wivu. Wengine huonea nyumba ya jirani, wengine mume wa mtu. Mwanamina, mama mtu mzima wa Voi, alionea wivu saa tisa alasiri ya mwenzake.

Saa hiyo ndiyo Risper alipokuwa akifunga kompyuta, kazi yote imekwisha, anajipaka mafuta ya mdomo na kuuliza kama kuna mtu anataka viazi karai maana anapita hapo nje. Mwanamina wakati huo simu bado iko sikioni, sikio limeshika moto, na wakulima wengine wanangoja kupigiwa. "Asante, nimeshiba," alijibu kila mara, na njaa inamkata. Afadhali alale na njaa kuliko kula kiazi kilichonunuliwa na mtu aliyemaliza kazi saa tisa.

Ofisi yao, pale Voi, ilinunua mboga za wakulima na kuziuza kwa mahoteli. Kununua si shida. Shida ni siku hoteli inapotazama kabichi ya mtu, inabinya midomo na kuikataa, na gari linarudi nayo. Lazima mtu ampigie mwenye kabichi amwambie. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Mwanamina. Wengine ofisini walisema mboga "zimekataliwa", na mkulima akatukana, akakata simu, wiki iliyofuata akampelekea mnunuzi mwingine. Mwanamina alisema "zimerudi nyumbani". Hakujifunza popote, lilimtoka tu siku moja, na likakaa. Mkulima akilisikia hucheka kwa uchungu, huuliza kasoro ni nini, na wiki inayofuata hulima tena. Meneja wao, Donald Mwandawiro, alipenda kuwaambia wageni kwamba bila Bi Mwanamina ofisi ile ingekuwa duka la mbolea.

Ndipo akaletwa Risper. Msichana wa Bura, mpole, kucha zimekatwa vizuri, na akili mnemba kwenye kompyuta, ile ambayo wote waliiita AI. Asubuhi aliizima sauti ya simu, akashika jambo moja mpaka liishe, kisha akashika la pili. Malalamiko ya wiki nzima aliipa AI, yakarudi kwa Donald kwa mistari michache. Safari za gari, AI. Ujumbe wa wakulima, AI. Donald akawa anapita mezani kwake kama mtu anayepita jikoni kuonja.

Siku moja Donald akagawa kazi. Wakulima wa juu, wa Bura, wawe wa Risper, kwa kuwa ni kwao. Wa chini, wanaolima nyanya huko Mraru kwenye barabara ya Taveta, wabaki na Mwanamina. Alisema ni kumpunguzia mzigo. Mwanamina alisikia amenyang'anywa watoto. Jioni hiyo hiyo alitoka kwenye kundi la WhatsApp la Bura bila kuaga, na kuanzia hapo hakujua Risper anawaandikia nini, wala hakutaka kujua.

"Risper, mwonyeshe Bi Mwanamina hizo promti zako, hayo maagizo unayoipa AI," Donald alisema wiki iliyofuata.

Risper akavuta kiti. "Sio ngumu, Bi Mwanamina. Unaiambia tu wewe ni nani, unaandikia nani, unataka iongee vipi. Mimi nilishaandika yangu, sasa kila siku nabandika promti, naongeza habari yangu chini, basi inatoka. Ukikaa kidogo nitaku..."

"Nina simu ya kupiga," Mwanamina akasema, akainuka. Hakuwa na simu ya kupiga. Alikwenda kusimama nyuma ya jengo, akatazama kuku wa jirani mpaka alipoona muda umetosha.

Basi kama ni haraka, naye ana haraka. Akaacha kupiga simu. Akaacha kuulizia wagonjwa na watoto. Watu wa Mraru wakaanza kupata ujumbe wa maneno matatu: "Nyanya zako zimekataliwa." Akishatuma alitazama saa, akaona ni saa nane tu, na kwa dakika chache roho ilitulia. Mkulima mmoja baada ya mwingine alinyamaza, na magunia ya Mraru yakapungua. Mwanamina alisema ni jua.

Kilichomchoma hasa kililetwa na Loice, mkulima wa spinachi kutoka Bura, rafiki yake wa zamani. Aliingia ofisini siku ya soko, akapita meza ya Mwanamina kwa salamu ya haraka, na kwenda moja kwa moja kwa Risper kumshika mikono.

"Huyu mtoto anajua kuongea na mtu," Loice alimwambia Mwanamina alipogeuka. "Juzi mboga zangu zilirudi, na sikukasirika hata. Kwanza aliniuliza mguu wa mama. Mtu wa ofisi, wewe, anauliza mguu wa mama."

Mguu wa mama yake Loice, Mwanamina ndiye aliyekuwa akiuulizia tangu siku ulipovunjika. Alitabasamu, akasema Mungu amponye, akajikaza kisabuni mpaka Loice alipotoka. Kisha akaingia chooni akalia, kilio kifupi cha hasira, akatoka na uso umeoshwa.

Ilikuwa wiki mbaya ya kuchomwa, kwa sababu Donald alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa atamtaja msimamizi wa wakulima wote, wa juu na wa chini. Cheo kipya. Mwanamina alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu ofisini humo. Akikikosa, atakuwa chini ya msichana ambaye yeye angeweza kumzaa, na watu wa Bura hawatarudi kwake tena.

"Wamwonea wivu Risper ama wamwonea wivu kompyuta?" Miraj, mumewe, aliuliza wakila. "Nataka kujua tu, nijue nimpe pole nani."

"Miraj, kula wali wako."

"Nala. Lakini zamani ukirudi ulikuwa watupa habari za watu. Nani amezaa, nani mguu umepona. Sasa kila siku Risper, Risper. Nimeshamjua Risper kuliko ninavyomjua shemeji yangu."

Mwanamina alikuwa anafikiria promti.

Alhamisi nyanya za Mraru zilirudi, takriban gari zima. Donald akasema wakulima waandikiwe siku hiyo hiyo, naye atausoma ujumbe kundini. Hakusema ni mtihani, lakini Mwanamina alijua. Risper alikuwa amekwenda kula, na kompyuta yake ameiacha wazi, kwa sababu ni mtu asiyewaza kwamba kuna anayemvizia. Kwenye kona ya skrini palikuwa na faili, jina lake "Promti wakulima".

Aliifungua. Maneno yalikuwa mengi, na hakuyasoma, maana jicho moja lilikuwa mlangoni. Alinakili yote. Unabandika promti, unaongeza habari yako chini, inatoka: hayo ndiyo aliyoyasikia siku ile kabla hajainuka. Inabandikwa wapi, hilo lingesemwa kwenye kiti alichokikataa. Kwake yeye ujumbe hubandikwa mahali ujumbe unapokwenda. Akafungua kundi la Mraru kwenye kompyuta yake, akabandika, na chini yake akaandika habari yake kwa haraka: nyanya mbovu tena, mmezoea, wacheni kutuletea takataka. Hiyo si shida, AI itayasafisha. Akabonyeza kutuma, akangoja itoke.

Ilikuwa imeshatoka. Ilikaa kundini ndefu, chini ya jina lake, na ndipo akaisoma kwa mara ya kwanza, pamoja na Mraru nzima.

"Wewe ni Bi Mwanamina wa ofisi ya mboga, Voi. Unawaandikia wakulima. Usiandike kama ofisi. Bi Mwanamina haanzi na mboga, anaanza na mtu. Kama kwao kuna mgonjwa au mtoto wa mtihani, anamuulizia huyo kwanza, na si kwa kujipendekeza, anataka kujua kweli. Hasemi mboga zimekataliwa, anasema zimerudi nyumbani. Akishasema hivyo ananyamaza kidogo, anamwacha mtu ameze. Halafu anamwambia jambo moja la kufanya, sio mengi. Hajifanyi anajua shamba kuliko mwenye shamba. Hana haraka na mtu. Kama hujui angesema nini, usibuni, niulize mimi nimsikilize tena. Sasa andika ujumbe kuhusu haya:

Nyanya mbovu tena, mmezoea, wacheni kutuletea takataka."

Kisha Ndambuki, mkulima wa Mraru ambaye alikuwa hajaandika neno siku nyingi, akaandika.

"Samahani madam. Sisi tunaongea na nani? Yule wa juu ama yule wa chini?"

Vikafuata vicheko, nyuso za manjano zenye machozi, safu kwa safu. Mwanamina akabonyeza kufuta, na kwa haraka hiyo hiyo akachagua kufuta kwake peke yake. Ujumbe ukatoweka machoni pake na kubaki machoni pa wote.

Risper aliporudi, alimkuta amekaa mbele ya kompyuta bila kugusa chochote. Simu ya msichana ilikuwa imeshamweleza kila kitu.

"Uliniandika," Mwanamina akasema.

"Nilikuwa nakusikia ukiongea na simu, wiki zangu za kwanza. Mimi nilikuwa najaribu kuandika, inatoka kama barua ya benki. Ndio nikaiambia iandike kama wewe." Risper alisimama, mkoba bado begani. "Nilitaka kukuomba ruhusa, Bi Mwanamina, kweli. Siku ile nilivuta kiti nikuonyeshe. Baadaye nikaona umeninunia, nikaogopa."

Mwanamina alitaka kumtukana. Orodha yote ya matusi ilikuwa tayari: mwizi, mnafiki, mtoto asiye na haya. Lakini nani aliyefungua faili ya mwenzake akichungulia mlango? Matusi yakamrudia mdomoni akayameza.

Ijumaa Donald aliwaita wote wawili. Hakupiga chenga.

"Risper ndiye atakayesimamia," alisema. Kisha akamgeukia Mwanamina, na sauti ikashuka. "Kazi hii niliibuni nikikufikiria wewe, Bi Mwanamina. Sikujua kwamba huyo ninayemsifu Bura ni wewe. Lakini ujumbe wa Mraru nao nausoma, miezi mitatu sasa. Huyo mtu sikumwona humo."

Mwanamina alisema sawa.

Alipofika nyumbani alimwambia Miraj kila kitu, bila kupunguza. Miraj hakufanya mzaha. Aliuliza tu ilikuwa imeandikwaje, akamwambia aisome. Risper alikuwa amemtumia ile promti, kwa kuwa aliiomba. Mwanamina akasoma kwa sauti mpaka penye "hana haraka na mtu", hapo akaiweka simu chini.

"Ndiye niliyemwoa huyo," Miraj akasema.

Maneno hayo yalikusudiwa kuwa faraja, na yalimuuma kuliko ya Donald. Kwa sababu wivu haukuondoka. Ulikuwa umehama tu. Risper na saa yake ya tisa hawakumuuma tena. Sasa alimwonea wivu yule mwanamke wa kwenye promti, anayeulizia wagonjwa na kuwaacha watu wameze, anayependwa Bura nzima, na ambaye kila akiandikiwa kazi anaifanya vizuri bila kununa. Alikuwa na jina lake. Alikuwa na maneno yake. Na kwa miezi mitatu, wakati Mwanamina akishindana na msichana, mwanamke huyo ndiye aliyekuwa akienda kazini.

Jumatatu nyanya za Ndambuki zilirudi tena. Risper, msimamizi, angeweza kuandika ujumbe kwa dakika moja. Badala yake alikuja mezani kwa Mwanamina na kusimama kando.

"Huyu nadhani anataka kupigiwa," alisema. "Nikimtumia promti atanicheka."

Mwanamina alichukua simu. Ndambuki alipokea, akingoja kutukanwa.

"Ndambuki, ni Mwanamina. Nyumbani kwako kuna nini siku hizi? Nimekaa kitambo sijauliza."

"Hii umeandikiwa, madam?"

"La. Huu ni mdomo wangu."

Ndambuki akaeleza. Mkewe alikuwa amelazwa mwezi uliopita, ametoka, lakini bado hana nguvu, na nyanya zilichelewa kuchumwa kwa sababu mikono shambani ni yake peke yake. Mwanamina alisikiliza. Aliuliza jina la mke, akaona aibu kwamba ameuliza, maana zamani alilijua. Kisha ikafika zamu ya nyanya.

"Sasa zile nyanya zako za leo," alianza, "zime..."

Neno likagoma. Lililokuja ulimini lilikuwa lile la miezi mitatu, fupi, kavu, limezoea njia. Akageuza macho. Risper alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha pili, anatazama dirishani kama mtu asiyesikia kitu, na midomo yake ilitamka pole pole, bila sauti.

"Zimerudi nyumbani," Mwanamina akasema.

Kisha akanyamaza kidogo, kama alivyoandikwa.