Skrubu Nne za Shingo ya Gitaa

Gitaa la kwanza lilikuwa na shingo iliyopinda, la pili lilikuwa limepakwa rangi ya mlango, na mwenye gitaa la tatu hakuwa mwenyewe hata kidogo, alikuwa jirani aliyeachiwa ufunguo. Kufikia saa tisa alasiri Fundi alikuwa hoi. Miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu, mkanda wa mkoba wa bisibisi ulikuwa unamkata bega, na alichokitaka duniani kilikuwa kiti tu, kiwe na mgongo au kisiwe nao.

"Baba mdogo, limebaki moja," alisema binti wa kaka yake, akiwa ametangulia hatua tatu kama kawaida yake.

"Na mimi nimebaki nusu, mwanangu. Tutatoshana."

Binti akacheka, akapunguza mwendo kidogo, kisha akasahau akakaza tena. Hakuwa wa kulaumiwa. Wiki iliyopita alikuwa ameuza cherehani iliyokuwa ikimlisha, ile aliyokuwa akishonea sare za shule na kupunguzia suruali za watu waliokonda. Kiongozi wa bendi ya hoteli moja alimsikia akipiga gitaa la kuazima, akampenda, akamwambia aanze kazi Ijumaa, ila aje na gitaa lake mwenyewe, maana amechoka na wapigaji wa kuazima azima. Leo ilikuwa Jumatano. Fedha ya cherehani ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ilikuwa kifuani, na akikosea kununua atabaki hana gitaa wala cherehani, anatazama dari. Ndiyo maana alikuwa amemkokota baba yake mdogo mji mzima. Fundi alikuwa ametengeneza magitaa kwa miaka thelathini, na watu walisema hakuna awezaye kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Ndivyo walivyosema, na yeye hakuwahi kuwakatalia.

Gitaa walilokuwa wakilitafuta ni lile ambalo wapigaji wanaliita Bibi Harusi. Kiwanda chake kilitengeneza magitaa mawili ya umbo moja na rangi moja, la bei mbaya na la wasiojiweza. Wapigaji, kwa ulimi wao usio na breki, wakaliita la bei mbaya Bibi Harusi, na mwenzake wakamwita Mpambe, kwa sababu ukiwatazama kutoka mlangoni wote wamependeza na hujui anayeolewa ni yupi. Ukisogea ndipo unaanza kuona. Namba ya Bibi Harusi imechongwa nyuma ya kichwa, kwenye ncha ya shingo; ya Mpambe imebandikwa kwa karatasi, na karatasi ikibanduka muuzaji anaapa kwamba namba imefutwa na jasho. Bibi Harusi ana vyuma ishirini na viwili vya kubania nyuzi shingoni, Mpambe ana ishirini na kimoja. Lakini hayo yote ni ya juu juu. Shingo ya gitaa la aina hii imeshikwa na skrubu nne tu, na mtu mwenye bisibisi na tamaa anaweza kuitoa hapa akaipachika pale kwa muda wa kunywa chai. Kwa hiyo Fundi alikuwa na sharti lake, na aliwaimbia wanafunzi wake mpaka wakalichoka: usiseme neno mpaka umefungua skrubu zote nne, umetoa shingo, umetazama mbao iliyo chini yake, maana pale hapapakwi rangi. Bibi Harusi ana mbao nzima. Mpambe ana mbao za kubandika, tabaka juu ya tabaka.

Gitaa la nne lilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti, kwa heshima zote, ilikuwa imeshakufa siku nyingi. Fundi alipanda ngazi akihesabu, akaacha kuhesabu. Mlango ulipofunguliwa, aliyesimama pale alikuwa Mzee wa Solo.

Walifahamiana zamani. Enzi zake Mzee wa Solo alikuwa akisimama mbele ya bendi na watu wanaacha kula. Sasa alikuwa amepungua, shati limemzidi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kwenye mkono wa kulia kama mtoto aliyebebwa.

"Shikamoo, kaka," alisema Fundi, akihema.

"Marahaba! Jamani, ni wewe? Huyu binti kwenye simu ameniambia ameuza cherehani yake na anakuja na fundi, sikujua ni fundi mwenyewe!" Akawavuta ndani kwa ule mkono mmoja. "Kaeni, kaeni. Basi biashara imekwisha. Wewe ndiye uliyeniandikia!"

Fundi alipata kile kiti alichokuwa akikiota tangu asubuhi, na hakukifaidi hata kidogo. Mzee wa Solo alikuwa ameshafungua sanduku la gitaa. Gitaa lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani jana, na ndani ya kifuniko ilikuwa imebandikwa karatasi iliyowekwa kwenye plastiki. Mwandiko ulikuwa wa Fundi mwenyewe, na muhuri wa karakana yake. *Nimelikagua gitaa hili. Ni Bibi Harusi halisi.* Chini yake tarehe, ya miaka kumi na tano iliyopita.

"Unakumbuka?" Mzee wa Solo alimuuliza Fundi, kisha akamgeukia binti. "Yalikuwa mawili, mwanangu, yanafanana kama sarafu. Muuzaji anasema yote ni Bibi Harusi. Nikampelekea huyu bwana. Akatazama, akaniambia, kaka, chukua hili, lile liache. Nikauza kiwanja changu, nikachukua hili. Sijajuta siku moja."

"Na kwa nini unaliuza?" binti aliuliza kwa adabu.

"Vidole vimegoma. Nilipata kiharusi mwaka jana, mkono huu ukastaafu kabla yangu." Alisema kwa mzaha, lakini hakutazama mkono wenyewe.

Binti alilichukua gitaa kwa mikono miwili. Akageuza kichwa cha gitaa, akaisoma namba iliyochongwa, akahesabu vyuma kwa kucha, ishirini na viwili, akamtazama baba yake mdogo kwa macho yaliyojaa furaha. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari unaelekea kifuani, kwenye bahasha.

Fundi alikuwa anaitazama ile tarehe. Alikuwa anaikumbuka siku ile, na angetoa chochote asiikumbuke. Kulikuwa na magitaa manane mezani, alikuwa amesimama tangu alfajiri, mgongo unamwaka moto, na Mzee wa Solo aliingia wakati yeye ameshafunga mkoba wake. Alitazama vichwa. Alitazama namba. Hili lilikuwa na namba ya kuchongwa, lile halikuwa nayo. Akaandika, akagonga muhuri, akaenda kulala. Zile skrubu nne hakuzigusa.

"Nipe nilifungue kidogo," alisema.

"Ufungue nini, mdogo wangu?" Mzee wa Solo alicheka. "Karatasi si ni yako? Unajikagua mwenyewe?"

"Baba mdogo, umechoka," binti akasema. "Kama uliliandikia mwenyewe, mimi limeniridhisha. Lipia tu nauli ya kurudi, ya kuja nilitoa mimi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema haya basi, wakashuka ngazi, akaenda kuloweka miguu yake kwenye beseni. Pengine gitaa lilikuwa halisi. Shingo ilikuwa halisi, hilo aliliona. Na kama si halisi, nani angejua? Binti angejua, siku fundi mwingine akilifungua, na cherehani imeshakwenda. Au binti asingejua kamwe, yeye peke yake ndiye angekuwa anajua kila akimwona jukwaani. Na akilifungua, akakuta alichokuwa anakiogopa, itabidi amwambie mzee huyu hapa, ndani ya nyumba yake, na mkono wake ule. Fundi alijikuta anamwonea kila mtu huruma, akianza na yeye mwenyewe, na huruma ile haikumsaidia kitu.

"Ni sharti langu," alisema, akatoa bisibisi.

Alilegeza nyuzi. Alilaza gitaa kifudifudi kwenye mto wa kochi. Skrubu ya kwanza ilitoka bila kelele, ya pili na ya tatu vilevile, na ya nne ilikuwa imeng'ang'ania, akaikazania mpaka kiganja kikauma. Kisha akaiinua shingo.

Mbao ya chini ilikuwa ya matabaka, jembamba jeupe, jembamba jekundu, jembamba jeupe, kama kurasa za daftari lililofungwa. Hapakuhitajika miwani.

Fundi aliilaza shingo kando ya gitaa.

"Kaka," alisema. "Nisamehe. Shingo ni ya Bibi Harusi. Kiwiliwili ni cha Mpambe. Mtu aliviunganisha kabla hujalinunua, na mimi sikulifungua. Nilikuandikia bila kulifungua."

Mzee wa Solo alisogea, akainama, akatazama palipofunguliwa. Alitia kidole cha mkono mzima mle ndani, akayapapasa matabaka yale polepole kutoka upande huu hadi upande ule.

"Na lile jingine?" Mzee wa Solo aliuliza. "Lile uliloniambia niliache?"

"Sijui, kaka. Huenda kiwiliwili cha kweli kilikuwa kule. Sikulifungua pia."

"Yule muuzaji alikupa chochote?"

"Hapana. Hata soda."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa ilikuwaje?"

Fundi alitafuta jibu lenye heshima zaidi, akalikosa. "Nilikuwa nimechoka," alisema.

Mzee wa Solo alikaa kwenye kochi, kando ya gitaa lililokatwa shingo. Alitikisa kichwa muda mrefu. "Bora ungehongwa," alisema hatimaye. "Walau tungesema kuna mtu alifaidi."

Fundi alistahili hilo na zaidi, na alijua hivyo.

"Unajua kiwanja hakiniumi," Mzee wa Solo aliendelea, na sasa alikuwa anamtazama binti, si Fundi. "Kiwanja ni udongo. Mimi nina binti yangu, rika lako. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa na masikio ambayo mimi sina. Anasikia wimbo mara moja, anauimba wote. Siku moja nimerudi nikamkuta amelipakata gitaa hili, analijaribu, na mikono yake ina mafuta ya chakula. Nilimpiga kofi akaangukia meza. Nikamwambia, hiki si kitu cha watoto, hiki ni Bibi Harusi, kimekula kiwanja chetu. Nikamwonyesha na karatasi. Hakuligusa tena. Hakugusa gitaa lolote, la mtu yeyote, mpaka leo. Anafanya kazi ofisini, mambo ya bima. Akija kuniona anasimama pale mlangoni, anauliza nimekula, anaondoka."

Binti aliweka mkono begani kwa yule mzee, akauacha pale, na yeye hakuutoa.

Mzee wa Solo akajipangusa uso kwa kiganja. "Rudisha shingo," alimwambia Fundi. "Mtoto alisikilize. Hajaja hapa kwa msiba wangu."

Fundi akakaza zile skrubu nne, akaweka nyuzi sawa. Binti akapiga, kwanza kwa woga, kisha akajisahau. Gitaa lililia vizuri. Hilo ndilo lililomchoma Fundi kuliko yote, kwamba lililia vizuri, na mtoto wa miaka tisa angelisikia likilia hivyo hivyo.

"Bei ya Mpambe," Mzee wa Solo alisema. "Sichukui zaidi. Inayobaki kakomboe cherehani yako."

Binti alitaka kubisha, Fundi akamtikisia kichwa asibishe. Bahasha ikafunguliwa, ikafungwa ikiwa bado imenona. Binti alilisimamisha gitaa mapajani kwake kama anayeogopa litaombwa lirudi.

Mzee wa Solo akabandua ile karatasi ya zamani kutoka kwenye kifuniko, kwa shida, kwa mkono mmoja, na hakutaka kusaidiwa. Hakuichana. Aliigeuza, akaiweka mezani mbele ya Fundi, upande mweupe ukiwa juu, akaweka na kalamu.

"Andika upya," alisema. "Andika lilivyo."

Fundi akashika kalamu. "Niandike kwa jina la nani, kaka? La mnunuzi?"

"Huyo utamwandikia yake huko nyumbani, ni mwanao. Hii andika kwa jina la binti yangu. Mwambie lilikuwa gitaa la kawaida. Mwambie mtoto angeweza kulishika."

Fundi aliinamisha kichwa akaanza kuandika. Mara mbili ilibidi akate na kuanza tena.