Kigoda cha Upande wa Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona kwenye chumba cha kupimia mimba ni kigoda cha mpimaji. Siku zote kilikaa kulia kwa kitanda, na leo kilikuwa kushoto, kwa sababu soketi ya ukutani iliungua na mashine ikahamishiwa kwenye soketi nyingine. Akapanda kitandani, akafunua tumbo, akanyamaza. Nyumbani kwa mumewe walimwita Kimya, na hawakumwonea.

"Huyu akifika hospitali anakuwa kama amemeza ufunguo," wifi yake alimwambia mpimaji. "Ukiwa na swali, niulize mimi."

Mpimaji alikuwa mgeni, ameshika zamu ya mwenzake aliyeugua. Akacheka, akampaka Kimya jeli ya baridi. "Leo sipimi urefu wala uzito, mama. Napima damu inayoingia kwenye ini la kila mtoto tu."

Kimya aliishia darasa la tano, lakini hilo la ini alilielewa tangu daktari alipomchorea nyuma ya bahasha. Pacha wake walitegemea kondo moja la nyuma, kama watu wawili wanaokula sahani moja, na mmoja ana mkono mwepesi kuliko mwenzake. Damu yenye chakula ikishapita kitovuni mwa mtoto hufika njia panda: nyingine huingia kwenye ini, nyingine hukatiza moja kwa moja kwenda moyoni. Mtoto akipunjwa, mwili hulinyima ini ili moyo na kichwa vipate. Ini likianza kulala njaa, daktari anajua mtoto amefika pabaya.

Wa kulia alikuwa mnene, mpiga mateke. Wa kushoto alikuwa mdogo, na kwikwi zake Kimya alizisikia chini ya mbavu kila asubuhi, hafifu kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Siku tatu sasa kwikwi hizo zilikuwa zimepungua.

Mpimaji alianza na wa upande aliokaa. Wekundu ukacheza kwenye kioo, kisha ukatokea mstari mwembamba, umelala. "Wa kwanza," akajisemea, akaandika. Akanyoosha mkono, akavuka kitovu, akampima wa ng'ambo. Mstari ukapanda na kushuka kama vilima. "Wa pili." Akaandika.

Kimya akakumbuka kwamba kwa yule mpimaji wa siku zote, wa kwanza ni wa kulia. Akataka kusema, ulimi ukagoma. Labda wenyewe wanajua wanavyoandika. Yeye ni nani?

Ofisini kwake, daktari aliisoma karatasi mara mbili, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mzigo. "Habari si mbaya. Wa kwanza, damu ya ini imepungua, lakini yule ni mnene, ana akiba. Wa pili, mdogo wetu, amepanda vizuri. Nilikuwa nimekuwekea kitanda wodini, mama, lakini sasa nenda nyumbani, urudi wiki ijayo."

Wifi alishainuka na mkoba. "Tushukuru. Na hata angebaki mmoja, mmoja naye ni mtoto."

Maneno hayo aliyasema tangu mimba ina miezi minne, na kila mara Kimya aliyameza kama dawa chungu. Lakini leo hakuinuka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Daktari, karatasi imewabadilisha."

Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi arudie.

"Mama, yule dada amepima wajawazito miaka mingi," daktari alisema.

"Sijasema hajui kupima. Leo kigoda kiko kushoto. Ameanza kushoto, akaandika wa kwanza. Kwenu wa kwanza ni wa kulia. Aliyepungua ni mdogo."

"Wifi, usimfundishe daktari kazi," wifi yake akadakia.

"Simfundishi. Ila sitoki humu mpaka nipimwe tena."

Daktari akamtazama. "Mdogo anacheza?"

"Kwikwi zake zimepungua. Leo siku ya tatu."

Daktari akasukuma kiti, akatangulia mlangoni.

Safari hii alipima mwenyewe. Alimwambia Kimya aweke kidole alipo mdogo, na Kimya akakiweka chini ya mbavu za kushoto bila kusitasita. Mstari ukatokea, ule ule mwembamba.

"Ni mimi," mpimaji alisema. "Nilihesabu kuanzia nilipokaa. Nisamehe, mama."

Daktari akafuta "wa kwanza" na "wa pili" kwenye karatasi, akaandika kulia na kushoto kwa herufi kubwa. "Huendi nyumbani. Leo tunaanza sindano za kukomaza mapafu yao, na nitampima mdogo kila siku. Huenda wakazaliwa kabla ya Ijumaa. Siwezi kukuahidi kitu."

"Usiniahidi, daktari. Pima tu."

Wodini, wifi alimpangia nguo kwenye kabati dogo, akitikisa kichwa. "Mdomo huu ulikuwa umeuficha wapi miaka yote? Mimi nilijua umeolewa bila sauti." Wakacheka wote wawili. Kisha wifi akakaa kitandani, akamshika goti. "Lakini jipe moyo. Hata Mungu akikuachia mmoja..."

Kimya akauondoa mkono ule taratibu, akauweka chini ya mbavu zake za kushoto, akaushikilia hapo.

"Wifi, tangu mwezi wa nne unaniambia mmoja, na mimi nameza. Nawataka wote wawili."